Kwenda Kigoma na Insulini Mkobani

Barua ya chuo ilinipangia mafunzo kwa vitendo Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa samaki kando ya Ziwa Tanganyika. Wenzangu walipopata barua zao waliulizana habari za nauli na vyumba vya kupanga. Nyumbani kwetu Mbagala maswali yalikuwa mengine. Insulini itafikaje bila kuharibiwa na joto? Sukari ikishuka usiku wa manane, nani atajua? Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita, na kila nilikowahi kwenda, iwe Tanga kwa bibi au Moshi kwenye harusi, mama alikaa kiti cha pembeni, mkoba wa dawa mapajani. Safari hii ningekwenda peke yangu, kutoka pwani hadi mwisho wa reli.

Watu wengi wakisikia kisukari humfikiria mzee, au mtu aliyependa sana soda na keki. Hicho wanachokizungumzia mara nyingi ni kisukari cha aina ya pili. Cha kwangu huanza kinga ya mwili inapozishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mpaka zinakwisha. Bila insulini, chakula hugeuka sukari inayozunguka kwenye damu isipate pa kuingia. Mwili huanza kuchoma mafuta yake, asidi ziitwazo ketoni hujaa kwenye damu, na katika muda wa siku chache mtu anaweza kupoteza maisha. Ndiyo maana najichoma sindano kila siku, na nitajichoma mpaka mwisho wa uhai wangu au mpaka tiba nyingine ipatikane.

Sindano nimeizoea. Kazi ngumu ni kuishi na sukari isiyotabirika. Kongosho zima hutoa insulini kidogo kidogo, dakika kwa dakika, kwa kadiri ya haja. Insulini ya sindano ikishaingia mwilini hairudi, na wala haijui kama umekula, umetembea au umelala. Kiasi kilekile cha dawa, sahani ileile ya wali, saa ileile ya jioni: leo mashine inasoma milimoli 7 kwa lita, kesho 14, keshokutwa 3. Joto huharakisha dawa. Homa, hofu ya mtihani na kukosa usingizi hupandisha sukari, na wengi wetu wasichana huiona ikipanda siku zinazotangulia hedhi. Kutembea huishusha, pengine saa kadhaa baada ya kupumzika. Ukichoma mahali pale pale kila siku ngozi hufanya uvimbe, na dawa inayoingia hapo hunyonywa kwa mwendo usioeleweka. Kijana anaweza kufuata kila alichoelekezwa kliniki na bado akaamka na namba ya kumkatisha tamaa.

Mama hakunikataza. Alisema, “Mwanangu, mimi siiogopi Kigoma. Nauogopa usiku.” Tukaenda naye kliniki, na nesi aliyenifundisha kujichoma nikiwa mtoto akatukalisha na karatasi. Alituandikia vitu vya kubeba: insulini mara mbili ya ile ninayotarajia kutumia, igawanywe katika mikoba miwili ili mmoja ukipotea mwingine ubaki, mabomba ya sindano, mashine ya kupimia sukari na betri ya akiba, glukosi ya unga, na biskuti. Daktari akaandika barua yenye muhuri inayoeleza ugonjwa wangu na kwa nini nabeba sindano. Stripu za kupimia nilizikusanya mwenyewe. Pakiti ya stripu 50 ni fedha nyingi kwa familia kama yetu, na siku za kawaida huwa napima pale tu panapohitajika sana. Kwa ajili ya safari nilianza kubana mapema, maana nesi alisisitiza kwamba njiani nipime mara nyingi kuliko nyumbani.

Tulichagua treni. Basi ni la haraka zaidi, lakini ndani ya basi huwezi kusimama ukatembea, choo ni mpaka dereva aamue, na chakula ni pale anaposimama yeye. Treni ya umeme inaishia Dodoma, kwa hiyo anayetaka kufika Kigoma kwa reli hupanda ile ya zamani, ya reli nyembamba, mwendo wa takriban kilomita 1,250. Ina behewa la chakula, ina vyoo, na katika daraja la pili kulala unapata kitanda katika chumba cha vitanda sita, wanawake kwa wanawake. Kwa mtu anayehitaji kulala ubavu, kupima na kula muda wowote, kitanda kile kina thamani kuliko mwendo wa kasi.

Nesi alinipa agizo moja la mwisho: “Kabla treni haijaondoka, waambie utakaolala nao chumba kimoja. Usisubiri uzidiwe.” Nilipoingia niliwakuta bibi mmoja anayeshukia Kaliua, mama mfanyabiashara wa mawese na dagaa anayerudi Kigoma, na dada mmoja mwenye mtoto mchanga. Nikawaamkia, bibi akaitikia marahaba, tukapanga mizigo. Treni ilipopiga honi ya kuondoka nikafungua mfuko wa mbele wa mkoba wangu mbele yao.

“Mama zangu, mimi nina kisukari. Mkiniona natetemeka, natoka jasho au nasema maneno yasiyoeleweka, hii hapa ni glukosi. Vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, ninywe. Nikiwa nimezimia, msininyweshe chochote, nitapaliwa. Nilazeni ubavu, mwiteni mhudumu wa behewa atafute msaada kituo kinachofuata.”

Palikuwa na ukimya kidogo. Kisha mama wa dagaa akanyoosha mkono, akaichukua ile pakiti, akaisoma, akairudisha mahali pake. “Mfuko wa mbele,” akasema. “Tumeona.” Dada akataka kujua kama ugonjwa unaambukiza, kwa ajili ya mtoto. Nikamweleza kwamba hauambukizi, akaniazima kanga nijifunike.

Usiku ule wa kwanza, baada ya kuupita mto Ruvu, nilipima nikakuta 13.2. Nilikuwa nimekula chakula nilichozoea na kujichoma kiasi nilichozoea. Ila nilikuwa nimekimbizana na mizigo, nimemuaga mama akilia, na moyo ulikuwa bado unakwenda mbio. Mwili ukiwa katika hofu au furaha kubwa hutoa homoni zinazoliamuru ini limimine sukari kwenye damu, kama vile mtu anataka kupigana au kukimbia. Kishawishi cha kijana yeyote mwenye kisukari akiona namba hiyo ni kujiongeza dawa papo hapo. Lakini sindano ya jioni ilikuwa bado inafanya kazi. Ningeongeza nyingine, zingekutana usiku na kunivuta chini nikiwa usingizini. Nikanywa maji mengi, nikaweka kengele ya simu, nikalala. Nilipopima tena mitaa ya Morogoro, ilikuwa imeshuka yenyewe hadi 9.

Kulikucha tukiwa tumeipita Kilosa, reli ikifuata bonde la mto Mkondoa kati ya milima. Ni sehemu nzuri na korofi. Maji ya masika huisumbua reli hii mara kwa mara. Hapo treni ikasimama. Hakuna aliyetuambia kwa nini wala mpaka lini. Abiria walishuka wakanyoosha miguu, watoto wa vijiji vya karibu wakaja na ndizi na mahindi ya kuchemsha.

Kwa wengine kusimama huko kulikuwa kuchelewa tu. Kwangu kulikuwa swali la dawa. Natumia insulini za aina mbili: moja ni angavu, inafanya kazi haraka, ya kuchoma kabla ya chakula, nyingine ni ya mawingu, inafanya kazi polepole kwa saa nyingi. Ile ya haraka huchomwa karibu nusu saa kabla ya kula. Nyumbani naujua muda wa mama kuepua chai. Ndani ya treni iliyosimama porini, ukijichoma ukitarajia kifungua kinywa na kifungua kinywa kisije, dawa itaanza kula sukari ya damu isiyo na akiba. Kwa hiyo nilijiwekea sheria kwa safari nzima: sindano nikishaiona sahani. Sukari ingepanda kidogo baada ya chakula kwa sababu dawa imechelewa, lakini kupanda kidogo kunavumilika kuliko kushuka mahali ambapo hakuna hata zahanati. Mhudumu wa behewa la chakula alipopita na chai na chapati, nilishika sahani kwanza, ndipo nikatoa sindano.

Kujichoma ndani ya treni kunataka utulivu. Nilisubiri tusimame. Kichupa cha mawingu unakiviringisha taratibu katikati ya viganja, hukitikisi, mpaka unga mweupe uliotuama chini uchanganyike na maji yote yawe rangi moja. Unavuta hewa ndani ya bomba na kuisukumia kwenye kichupa. Kama unachanganya aina mbili katika bomba moja, unaanza kuvuta ile angavu, kisha ya mawingu, ili ya mawingu isiichafue angavu. Kisha unainua bomba kwenye mwanga wa dirisha na kuligongagonga kwa kucha mpaka mapovu yapande juu, maana povu moja linaweza kuchukua nafasi ya yuniti mbili nzima, na yuniti mbili kwa mtu wa uzito wangu zinatosha kubadili mchana wote. Dada mwenye mtoto alikuwa ananitazama kwa makini. Aliniuliza kama inauma. Nikamwambia siku nyingine inauma na siku nyingine haisikiki kabisa.

Dodoma tulifika mchana, jua la utosi. Wauzaji walijaa madirishani na zabibu na karanga. Joto lilinitia wasiwasi kuliko sukari yenyewe. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kilichofunguliwa hudumu takriban wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30. Ndani ya behewa la bati mchana wa Dodoma joto hupita hapo. Insulini iliyopigwa na joto hupungua nguvu, na mara nyingi huwezi kuigundua kwa macho. Unajichoma kiasi kilekile, sukari inapanda, hujui ni mwili au ni dawa. Vichupa vyangu vilikuwa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, na kopo lilikuwa ndani ya chupa pana ya chai yenye maji ya baridi. Barafu haitakiwi kugusa kichupa, kwa sababu insulini iliyoganda imekufa sawasawa na iliyochemka. Mpishi wa behewa la chakula alinibadilishia maji bila kunitoza kitu, akaniambia nirudi kila nitakapohitaji. Mkoba nikauweka upande usiopigwa na jua, nikaufunika kwa kanga iliyoloweshwa.

Zabibu nilinunua. Nikala konzi moja, nikampa bibi zilizobaki. Watu hudhani mtu kama mimi haruhusiwi kuonja kitu kitamu. Naweza kula karibu kila kitu, mradi nijue kina wanga kiasi gani na nikipangie dawa. Soda huingia kwenye damu kwa dakika chache, ugali huchukua muda, na nyama yenye mafuta hulichelewesha tumbo hata sukari ikapanda saa ambazo hukuzitegemea.

Hilo la mwisho nililithibitisha Saranda. Wasafiri wa reli ya kati wanakijua kituo hicho, chini ya mlima wa Bonde la Ufa kabla treni haijapanda Manyoni, kwa kuku wake. Treni haijatulia vizuri, kina mama walikuwa wameshafika na mabeseni vichwani, na harufu ya kuku ikajaa behewa zima. Tulinunua pamoja, tukatandika kanga kitandani, tukala kwa mkono. Nilipima 6.4, nikakadiria ugali kwa ukubwa wa ngumi yangu kama nilivyofundishwa, nikajichoma, nikala nikashiba. Baada ya saa mbili nilikuwa 7, nikafurahi. Baada ya saa nne nikawa 12, kwa sababu ya mafuta yale. Niliandika namba zote mbili kwenye daftari. Kliniki huwa wanaomba daftari hilo, na wazazi hulisoma, na vijana wengi hujikuta wanaandika namba nzuri tu kwa kuchoka kuulizwa. Nesi wangu aliniambia tangu zamani kwamba namba ni habari, na habari mbaya ndiyo yenye kazi zaidi. Ndani ya treni nililielewa neno lake kuliko wakati wowote, maana hapakuwa na mtu wa kunisifu wala kunigombeza. Palikuwa na mimi na uamuzi unaofuata.

Jioni bibi akanieleza kwa huruma kuhusu mizizi aliyokuwa anachemsha marehemu mumewe, naye alikuwa na sukari. “Ukiinywa, hiyo sindano utaisahau.” Mazungumzo haya kila kijana mwenye kisukari huyajua, na anayeyaanzisha mara nyingi ni mtu anayekupenda. Nikamjibu kwa adabu kwamba huenda babu alikuwa na aina nyingine, ambayo mwili bado una insulini yake. Mimi sina hata tone. Nikamsimulia kwamba reli hii tuliyopanda ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo binti kama mimi asingeipanda, kwa sababu dawa haikuwapo. Madaktari wa zama zile waliwanyima watoto chakula ili wawaongezee miezi michache, na watoto walikufa wakiwa mifupa mitupu. Ilikuwa mwaka 1921 ndipo Frederick Banting na Charles Best walipoipata insulini Toronto, Kanada, wakifanya kazi katika maabara ya John Macleod, na James Collip akaisafisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebakia mifupa, alichomwa, akaanza kurudiwa na nguvu, akaishi miaka mingine 13. Wagunduzi waliiuza haki ya ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, wakitaka kila mgonjwa aipate.

Bibi alikaa akafikiri. “Basi kwako wewe sindano ni chakula,” akasema. Hakuutaja tena mzizi.

Tabora tulifika usiku. Hapo treni hukatwa, mabehewa ya Mwanza yakaenda zake na ya Kigoma yakabaki kungoja kichwa chake, na kungoja huko ni kurefu. Nikashuka na mama wa dagaa, tukatembea jukwaa zima tukiangalia asali, maembe na chai. Nilipima kabla ya kulala: 8.1, namba nzuri ya kulalia. Nikachoma dawa yangu ya mawingu, nikala biskuti, nikapanda kitandani.

Niliamka sijui nilipo. Shuka lilikuwa limelowa na moyo ulikuwa unapiga masikioni. Nilijua kwamba kuna kitu natakiwa kukifanya, lakini sikukipata ni kitu gani. Vidole vilitafuta mkoba, vikakuta ukuta. Mtu ambaye hajawahi kushukwa na sukari aelewe jambo hili: ubongo hutegemea sukari, na sukari ikipungua ubongo ndio unaopungukiwa mapema. Yule anayetakiwa kuamua ndiye ambaye wakati huo hawezi kuamua. Mtu anaweza kuwa na glukosi sentimita chache kutoka mkononi mwake akashindwa kuifungua.

Kitanda cha chini kikalia. “Binti? Ndiyo ile?”

Nadhani niliitikia. Tochi ya simu ikawaka, nikasikia zipu ya mfuko wa mbele. Mama wa dagaa alikoroga glukosi kwenye kikombe cha bati, akanishika kisogo, akaninywesha kwa mafunda madogo, kila mara akihakikisha nimemeza. Dada aliamka akashika mashine. Alikuwa amenitazama mchana kutwa, kwa hiyo alijua stripu inaingia upande gani. 2.7. Tukasubiri dakika 15, kama inavyotakiwa, maana ukiendelea kunywa kwa hofu bila kusubiri utajikuta juu kabisa. Dakika hizo ni ndefu. Mwili unapiga kelele kwamba unakufa kwa njaa, nawe unatakiwa utulie. Bibi alikuwa amekaa kitandani kwake akinong’ona dua. Tukapima: 3.4. Nikanywa kikombe cha pili, tukasubiri tena: 5.2. Nikala ndizi na biskuti ili isishuke upya. Mama wa dagaa hakurudi kulala mpaka alipoona nimeweza kumtajia jina la kituo tulichopo.

Kwa nini ilishuka? Pengine ni yale matembezi ya jukwaani, pengine joto la mchana liliamsha dawa mapema, pengine ni mimi kulala vibaya usiku uliotangulia. Pengine ni vyote kwa pamoja. Wakati mwingine hakuna jibu, na kijana akilazimishwa alitafute usiku na mchana atajichukia bure.

Asubuhi nilikuwa 15.8. Kinywa kilikuwa kikavu, macho yanaona ukungu, na hasira ilinipanda kifuani. Sukari ikishuka sana, ini nalo huja kuokoa kwa kumimina akiba yake. Ongeza glukosi niliyokunywa, na homoni za alfajiri zinazopandisha sukari kila siku kabla jua halijatoka. Nilielewa sababu zote hizo, na bado nilitaka kulia.

“Usiku umenitisha kwa kushuka,” mama wa dagaa akasema, “sasa unaniambia imepanda?”

“Ndivyo ilivyo, mama.”

Akatazama nje, tulikuwa tunalikaribia bonde la Malagarasi. Mumewe ni mvuvi. Alinieleza kwamba upepo wa Ziwa Tanganyika unaweza kubadilika kabla mtu hajamaliza kutega nyavu, na kwamba wavuvi wanaozeeka ni wale wanaotoka na kasia la akiba, wakamwambia jirani wanaelekea upande gani. Kisha akanimiminia maji. Nikanywa, nikajichoma kiasi kidogo cha kurekebisha pamoja na dawa ya chai, nikatembea kwenye korido ya behewa mpaka Uvinza, mji wa chumvi. Hapo nilikuwa 10, na nikaweza tena kuongea na watu kwa uso mkunjufu.

Bibi alikuwa ameshashuka Kaliua alfajiri. Aliniachia embe la Tabora na maagizo kwamba nilile na dawa.

Kigoma ni mwisho wa njia. Unashuka kwenye jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani, na ziwa liko pale chini, la samawati, na milima ya Kongo ng’ambo ikionekana hewa ikiwa safi. Nilikwenda kwanza kliniki ya kisukari kujiandikisha na kumjua nesi, kabla hata ya kutafuta chumba. Kisha nikaenda kituoni. Mkuu wangu wa kazi alinieleza kwamba sehemu ya mafunzo ni kutoka na wavuvi wa dagaa, ambao huvua usiku wa giza kwa taa. Nikamweleza ugonjwa wangu, nikamwonyesha mfuko wa mbele wa mkoba, nikamuuliza kama friji ya sampuli za samaki ina mwenzake wa vyakula vya watu. Ilikuwapo, jikoni, na nikapewa rafu yangu. Kabla ya kutoka ziwani mara ya kwanza, nahodha wa mtumbwi naye aliijua glukosi ilipo.

Nikampigia mama nikamsomea daftari lote, pamoja na ile 2.7 na jinsi ilivyokuwa. Sikutaka apate safari iliyopambwa, kwa sababu hofu yake ya usiku ilikuwa ya kweli, na jibu lake lilikuwa la kweli pia: usiku ule ulikuja, na nilikuwa na watu. Kwa wazazi wa vijana kama mimi, hili ndilo ningependa mlibebe. Mtoto wenu hatafika siku ambayo sukari yake itatii moja kwa moja, kwa hiyo msimwekee sharti hilo kabla ya kumruhusu aondoke. Mfundisheni kuyasema yale maneno machache kwa mtu wa kiti cha pili, bila aibu, kabla safari haijaanza. Na vijana wenzangu, msiufiche ugonjwa wenu. Mtu ambaye hajaambiwa hawezi kukusaidia hata akikupenda.

Liko jambo moja lisilo mikononi mwetu. Nilithubutu kwenda Kigoma kwa sababu nilikuwa nimebana stripu kwa muda mrefu, na kwa sababu nilijua kliniki ninakokwenda ipo. Wako wenzangu ambao dawa yao inapatikana hospitali moja tu, na hawawezi kuiacha mbali hata wakipata kazi nzuri mkoa mwingine. Wagunduzi waliitoa insulini kwa dola moja moja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Siku insulini na stripu zitakapopatikana katika kila wilaya kwa bei ambayo familia ya Mbagala, Kaliua au Uvinza inaimudu, kijana mwenye kisukari atachagua chuo, kazi na mwenzi wa maisha bila kuuliza kwanza umbali wa kliniki yake.